Gari la umeme tutakalolimudu litakuwa la mtumba

Kila kampuni kubwa ya magari inapotangaza kwamba imepata njia ya kutengeneza gari la umeme la bei nafuu, mjadala huwaka kwa siku kadhaa kuhusu bei ya kiwandani, umbali ambao gari litakwenda kwa chaji moja, na kampuni gani itafilisika kwa sababu hiyo. Mijadala hiyo naifuatilia kwa hamu kubwa. Hata hivyo, kila ninapoisoma najiuliza swali ambalo waandishi wa Ulaya na Marekani hawana sababu ya kujiuliza: gari hilo litafikaje Mbagala, Kisumu au Jinja? Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki gari jipya la kutoka kiwandani halimo kabisa katika hesabu. Gari la kwanza la mwalimu, la nesi au la mfanyabiashara wa kati ni Vitz, Passo, IST au Probox iliyokwisha kutumika Japani kwa miaka kadhaa, ikanunuliwa mnadani hukohuko, ikapakiwa melini na kushushwa Dar es Salaam au Mombasa. Gari la umeme litapita njia hiyohiyo, kwa sababu hakuna njia nyingine ambayo mifuko yetu inaiweza.

Ndiyo maana naamini kwamba mustakabali wa gari la umeme la bei nafuu, kwa upande wetu, utaamuliwa katika soko la magari yaliyotumika. Na katika soko hilo, kitu kinachouzwa hasa ni betri. Mabati, viti, taa na redio vinakuja kama nyongeza. Soko letu limejifunza kwa miaka mingi kuisikiliza injini, kunusa moshi, kuchungulia chini ya gari kama oili inavuja, lakini halijajifunza kuipima betri, na karatasi zinazoambatana na gari haziilazimishi betri itajwe kwa kipimo chake.

Tuanze na sababu iliyoyafanya magari haya kuwa ghali, kwa kuwa hiyohiyo ndiyo inayoyashusha bei. Mwaka 2010 betri ya lithiamu ya gari iligharimu zaidi ya dola 1,000 za Marekani kwa kila kilowati-saa moja, yaani kwa kila uniti moja ya umeme inayoweza kuhifadhi, uniti ileile tunayoinunua kwa LUKU. Mwaka 2024 wastani wa dunia, kwa hesabu za BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa masuala ya nishati, ulikuwa dola 115. Gari dogo lenye betri ya uniti 30 lilihitaji betri ya zaidi ya dola 30,000 wakati ule. Leo betri ya ukubwa huo inazidi kidogo dola 3,000. Hakuna sehemu nyingine ya gari, katika historia yote ya magari, ambayo ninajua imeshuka bei kwa kasi ya namna hiyo.

Sehemu kubwa ya mteremko huo imetokana na kubadilika kwa kemia yenyewe. Betri nyingi za mwanzo zilitumia nikeli na kobalti, madini ghali. Mwaka 1997 kikundi cha John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas kilichapisha utafiti kuhusu betri inayotumia fosfeti ya chuma, ambayo haihitaji nikeli wala kobalti. Ni nzito kidogo na huhifadhi umeme mchache zaidi kwa kila kilo, na kwa muda mrefu wahandisi wa Ulaya waliiona haifai kwa gari. Wachina waliichukua na kuifanyia kazi bila kuchoka. BYD, kampuni iliyoanzishwa Shenzhen mwaka 1995 na Wang Chuanfu kwa ajili ya kutengeneza betri, na ambayo iliingia katika magari mwaka 2003 tu, ilijenga sehemu kubwa ya magari yake ya umeme juu ya kemia hiyo. Aprili 2023 ilianza kuuza nchini China gari dogo linaloitwa Seagull kwa bei ya kuanzia yuan 73,800, zaidi kidogo ya dola 10,000. Mwaka 2024 betri za fosfeti ya chuma zilichukua karibu nusu ya betri zote za magari ya umeme duniani. Aina hii pia huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka, na kwa mnunuzi wa mkono wa pili hilo lina maana kubwa kuliko kilomita za ziada ambazo gari lilikwenda siku lilipokuwa jipya.

Viwanda vya zamani vimepata taabu kuifuata kasi hiyo. Faida yao ilitoka katika magari makubwa, na betri walikuwa wakizinunua kwa wengine. Desemba 2024 Volkswagen ilikubaliana na vyama vya wafanyakazi kupunguza ajira zaidi ya 35,000 nchini Ujerumani kufikia mwaka 2030. Marekani iliweka ushuru wa asilimia 100 kwa magari ya umeme ya China mwaka 2024, na Umoja wa Ulaya ukaongeza wa kwake, hadi asilimia 35.3 juu ya ule wa kawaida wa asilimia 10. Habari iliyonigusa zaidi ni ya Nissan. Mei 2025 ilitangaza kupunguza wafanyakazi 20,000 na kubakiza viwanda 10 kati ya 17, na miezi miwili baadaye ikasema kwamba kiwanda chake cha Oppama, karibu na Yokohama, kitaacha kutengeneza magari mwishoni mwa mwaka wa fedha wa 2027. Oppama ndipo Leaf ya kwanza ilipoundwa mwaka 2010, miongoni mwa magari ya mwanzo kabisa ya umeme kutengenezwa kwa wingi kwa ajili ya familia ya kawaida. Kampuni iliyofungua mlango huo haikuweza kuitafsiri nafasi yake kuwa biashara, na Leaf zake kuukuu ndizo sasa zinazoonekana kwenye yadi zetu.

Kwa nini Leaf, na si Seagull? Watu wengi hudhani kwamba magari ya umeme ya China yakishapata umri kidogo yatamiminika Afrika Mashariki kwa bei ya kutupa. Kuna kizuizi kimoja ambacho sioni kikizungumzwa vya kutosha, nacho ni usukani. China huendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo magari yaliyouzwa kwa Wachina yana usukani wa kushoto. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto na zinataka usukani wa kulia. Rwanda, Burundi, Kongo na Ethiopia huendesha upande uleule wa Wachina. Ethiopia, iliyotangaza Januari 2024 kwamba hairuhusu tena kuingizwa kwa magari ya petroli na dizeli, imeweza kuchukua hatua hiyo si kwa sababu tu ina umeme wa maji na upungufu wa fedha za kigeni za kununulia mafuta, bali pia kwa sababu soko kubwa kuliko yote la magari ya umeme duniani linatengeneza magari yanayoweza kuingia barabara za Addis Ababa bila kubadilishwa chochote.

Sisi wa usukani wa kulia tunategemea mataifa machache: Japani, Uingereza, Singapore, Thailand, Australia na mengine kadhaa. Tena tunategemea kile ambacho wananchi wa mataifa hayo walikipenda miaka 8 au 10 iliyopita. Wajapani hawakupenda gari la umeme tupu. Walipenda haibridi, yaani gari linalotumia petroli na umeme kwa pamoja, na ndiyo maana Aqua na Prius zimejaa kila mahali Nairobi na Dar es Salaam, huku magari ya umeme tupu yakiwa hayafiki hata asilimia 3 ya magari mapya yanayouzwa Japani. Hii inamaanisha kwamba hata Wajapani wote wakibadili mawazo leo, sisi tutayaona matokeo baada ya mwaka 2030. Kile kigari kidogo cha Nissan kinachoitwa Sakura, kilichotoka 2022 na kupendwa sana huko kwa safari fupi za mjini, kitakuwa kikiingia kwa wingi kwenye minada wakati huo. Betri yake ni ya uniti 20 tu, lakini kwa anayetoka Tabata kwenda Posta na kurudi, inatosha na kubaki.

Singapore inanivutia zaidi. Huko mtu hupewa haki ya kuwa na gari kwa miaka 10, na baada ya hapo lazima ailipie upya kwa fedha nyingi au aliondoe barabarani, hivyo magari mengi ya Singapore huuzwa nje yakiwa bado yana nguvu. Mwaka 2024 karibu theluthi moja ya magari mapya yaliyosajiliwa huko yalikuwa ya umeme tupu, mengi yakiwa ya Kichina yenye usukani wa kulia na betri za fosfeti ya chuma. Uingereza nayo, mwaka huohuo, karibu gari moja kati ya kila 5 mapya lilikuwa la umeme. BYD ilifungua kiwanda Rayong nchini Thailand Julai 2024, nchi nyingine inayoendesha kushoto. Ukiyaunganisha hayo, unaona mahali wimbi letu litakapotokea na takriban wakati wake. Wimbi hilo litakuwa na magari tofauti kabisa na Leaf za leo, na tuna miaka michache ya kujiandaa kulipokea.

Kuhusu Leaf za leo, nilikwenda na wifi yangu kwenye yadi moja jijini kuitazama moja. Yeye ni mwalimu, anaishi Kibaha na kufundisha Ilala, na alikuwa amechoshwa na daladala za alfajiri. Gari lilikuwa jeupe, la mwaka 2014, limepigwa polishi hadi linang'aa, na maandishi ya Kijapani bado yalikuwa yanatokea kwenye skrini. Muuzaji, kijana mwenye lugha nzuri, aliwasha na kutuonyesha kwamba hakuna sauti yoyote.

"Dada, hili halijachoka," alisema. "Kilomita elfu 58 tu, na mwenye nalo huko Japani alikuwa mzee, hakuwa mtu wa mbio."

Tulikuwa tumekwenda na fundi wetu. Hakufungua boneti. Aliinama chini ya usukani, akachomeka kifaa kidogo kisichozidi ukubwa wa kiberiti kwenye tundu ambalo mafundi hulitumia kusomea hitilafu, akafungua programu ya LeafSpy kwenye simu yake na kusubiri. Kisha akamwonyesha wifi yangu mambo mawili. La kwanza lilikuwa kwenye dashibodi yenyewe, mahali ambapo sisi wote tulikuwa tumetazama bila kuona: pembeni kabisa, kulia kwa kipimo cha chaji, kuna vijistari vidogo 12 vinavyoonyesha uzima wa betri. Gari hili lilikuwa na 9. La pili lilikuwa kwenye simu: afya ya betri, asilimia 68.

"Mwalimu, kilomita hapa hazitusaidii sana," fundi alisema. "Injini ndiyo inayochoshwa na kilomita. Betri huchoshwa na miaka, na joto."

"Sasa kaka, nikitoka nalo Kibaha asubuhi, jioni litanirudisha?"

"Mwaka huu litakurudisha. Mwakani siwezi kukuhakikishia."

Hesabu yake ilikuwa rahisi na ya haki. Leaf hiyo ilitoka kiwandani na betri ya uniti 24, na kwa vipimo vya Marekani ilikwenda kama kilomita 135 ikiwa mpya. Asilimia 68 ya hizo ni kilomita 92. Kibaha hadi katikati ya jiji na kurudi ni karibu kilomita 80, na bado hujawasha kiyoyozi katika foleni ya Kimara, hujapita dukani, wala hujampeleka mtoto hospitali usiku wakati gari limefika nyumbani na betri tupu. Muuzaji hakusema uongo wowote. Kilomita zilikuwa za kweli, cheti cha ukaguzi kilikuwa cha kweli, na gari halikuwa na mkwaruzo. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari za betri, na hakuna karatasi iliyomtaka aijue.

Ubovu huo una historia inayofahamika. Leaf ya kizazi cha kwanza haina mfumo wa kuipoza betri kwa maji. Betri hupoa kwa hewa inayopita tu. Mwaka 2012 wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, Marekani, walianza kulalamika kwamba vijistari vinapotea haraka mno, na Nissan ikalazimika kuweka dhamana ya kubadilisha betri ikishuka chini ya vijistari 9 ndani ya miaka 5 au maili 60,000. Kizazi cha pili, chenye uniti 40, kilichotoka mwaka 2017, nacho hakikupewa mfumo huo, ingawa betri yake imevumilia vizuri zaidi. Ni kizazi cha tatu tu, kilichozinduliwa mwaka 2025, ndicho kimepozwa kwa maji. Pwani yetu si Arizona, lakini gari linaloegeshwa mchana kutwa kwenye lami ya Dar es Salaam mwezi Februari linapata joto lake, na gari lililofika likiwa limeshachoka halina akiba ya kuvumilia.

Hapa ndipo ninapoona tofauti ya sheria za majirani wawili. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya magari ya mafuta, lakini inamkinga pia mnunuzi wa gari la umeme, kwa kuwa Leaf za uniti 24 za mwanzo haziwezi tena kuvuka lango la Mombasa. Tanzania haikatazi, inatoza ushuru wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka 8, na mwenye kuulipa huingiza gari lake. Kwa hiyo Leaf zilizokataliwa Mombasa, na ambazo ndizo za bei ya chini kuliko zote mtandaoni, zina njia ya kufika kwetu. Bei hiyo ya chini humvutia mtu ambaye hana uwezo wa kumudu hasara yake.

Sitaki mtu aelewe kwamba naliponda gari hili. Gharama yake ya kila siku ni ya kutamanisha kweli. Gari la aina hiyo hula kama uniti 18 kwa kilomita 100, ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Kwa shilingi kama 357 kwa uniti hiyo ni shilingi 6,400 hivi. Vitz inayokula lita 6 kwa umbali huohuo, petroli ikiwa karibu shilingi 3,000 kwa lita, itakula shilingi 18,000. Gari la umeme halina oili ya injini ya kubadilisha, halina plagi, halina gia boksi la gia nyingi la kufa njiani, na breki zake hudumu kwa kuwa mota yenyewe hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye megawati 2,115, limetutoa kwenye ule mgao wa 2023 ambao ungelifanya wazo la kuchaji gari nyumbani lionekane la mtu asiyejua anakoishi. Usiku, wakati viwanda na maofisi yamelala, umeme upo. Kenya imekwenda mbele zaidi kwa kuweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri tangu 2023, nafuu zaidi usiku, na umeme wake mwingi ni wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, wa maji na wa upepo.

Wapo waliokwishaliona tatizo la betri na kulitatua kwa akili, na wote wako katika vyombo vidogo na vya biashara. Kigali, Ampersand humpa dereva wa pikipiki chombo, lakini betri hubaki mali ya kampuni. Ikiisha, dereva huingia kituoni, huibadilisha kwa iliyojaa na kuondoka. Nairobi, BasiGo ilianza mwaka 2022 kwa mpango ambao mwenye basi hulinunua basi bila betri, kisha hulipia betri na kuchaji kwa kila kilomita anayotembea. Katika mipango yote miwili, hatari ya betri kuchoka huibeba yule mwenye uwezo wa kuipima na kuitunza, na dereva hulipia kazi anayoipata. Serikali ya Rwanda ilikuwa na imani ya kutosha na mpango huo hata ikasimamisha, kuanzia Januari 2025, usajili wa pikipiki mpya za petroli kwa biashara ya abiria mjini Kigali. Mnunuzi wa gari la familia hana mtu wa kumbebea mzigo huo. Anaubeba peke yake, tena bila kujua uzito wake.

Kuna upande mwingine wa habari hii unaotuhusu kwa ukaribu. Kongo inatoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na watu wa Kolwezi, ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya sokoni na ya mgodini, wameambiwa kwa miaka kwamba gari la umeme ni bahati yao. Kumbe gari lililoshuka bei kuliko yote ni lile lililojifunza kuishi bila kobalti. Februari 2025, baada ya uzalishaji kuzidi mno na bei kuporomoka, serikali ya Kinshasa ilisimamisha kuuza kobalti nje, na baadaye mwaka huo ikaweka viwango vya mwisho vya mauzo. Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, inakabiliwa na swali hilohilo. Madini ambayo kemia mpya haijayakwepa ni kinywe, yaani grafiti, ambayo iko kwenye upande mmoja wa karibu kila betri ya lithiamu, iwe ya nikeli au ya fosfeti ya chuma, na ambayo Tanzania inayo Mahenge, Ruangwa na kwingineko Lindi. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya kinywe inayofikishwa kiwango cha betri husafishwa China. Tunaweza kuichimba Mahenge, ikaenda China, ikawa betri, ikauzwa Singapore ndani ya gari, ikatumika huko miaka 10, ndipo ikarudi Dar es Salaam tukiinunua kama mtumba. Jambo hilo linaniuma, na nadhani linapaswa kuwauma wanaosaini mikataba ya migodi.

Narudi kwenye karatasi, kwa kuwa huko ndiko kuna jambo linaloweza kufanyika kabla ya mwaka kwisha na bila fedha nyingi. Magari hukaguliwa kabla ya kupakiwa au baada ya kushushwa, na mkaguzi hutazama breki, taa, matairi, fremu na kilomita. Mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya yana mamlaka ya kuongeza mstari mmoja: afya ya betri kwa asilimia, tarehe iliyopimwa, na uwezo wake wa awali kwa uniti. Kipimo hicho kinachukua dakika chache na kifaa cha bei ndogo. Ushuru wa uchakavu nao ungepaswa kuufuata mstari huo kwa magari ya umeme, badala ya kufuata mwaka wa kutengenezwa peke yake, kwa sababu gari la Singapore la miaka 10 lenye betri iliyobaki na asilimia 85 ni la thamani kwetu kuliko la miaka 6 lililokwisha kufa nusu.

Pia mafundi wanahitaji kufundishwa rasmi. Betri ya Leaf ina karibu volti 360 na uzito wa karibu kilo 300, na umeme huo huua. Fundi wetu alijifunza kwa video na kwa kubahatisha. Ni mtu makini na ana glavu zake, lakini wapo wanaofungua betri hizo kwa spana za kawaida, mikono mitupu. Ndani yake, ile ya uniti 24, kuna moduli 48, na mara nyingi zinazolivuta gari chini ni chache. Fundi aliyefunzwa katika vyuo vya ufundi vya VETA anaweza kuzitambua, kuzibadilisha kwa nyingine kutoka gari lililogongwa, na kulirudishia gari sehemu ya umbali wake. Zilizotolewa, ambazo hazifai tena kusukuma gari, bado zinaweza kuhifadhi umeme wa jua na kuwasha taa na friji ya duka. Kazi hiyo yote ni ajira ambayo haipo leo, na ingeanzia kwenye mitaa ya mafundi ya Gerezani, Dar es Salaam, na Grogan, Nairobi, kwa watu haohao ambao riziki yao ya injini itapungua.

Wifi yangu hakulinunua lile gari. Anatafuta lenye uniti 40, na anaagiza mwenyewe. Kabla ya kutuma malipo ya awali anamtaka wakala ampigie picha mbili ndani ya gari: moja ya vijistari 12 kwenye dashibodi gari likiwa limewashwa, nyingine ya skrini ya LeafSpy ikionyesha asilimia pamoja na namba ya chesisi ya gari hilohilo. Mawakala wawili wamekataa. Wa tatu amezituma picha hizo siku ileile, asilimia 87, na sasa wanazungumzia bei.